Tumlaze Wapi Ndugu Yetu Anayekufa?



Katika mafundisho yenu mmekwisha kujifunza matendo saba ya huruma ya kimwili: kuwalisha wenye njaa, kuwanywesha wenye kiu, kuwavika walio uchi, kuwapokea wageni, kuwatembelea wagonjwa, kuwaendea wafungwa, na kuwazika wafu. Najua mwaweza kuyataja yote bila kukosea hata moja. Lakini kati ya kumtembelea mgonjwa na kumzika maiti kuna mtu ambaye mara nyingi twamsahau. Ni yule asiyeweza kupona tena, wala bado hajafa. Huyo ndiye nataka tumfikiri leo, na hasa tuulize jambo moja juu yake: tumlaze wapi?

Tuchukue mfano. Katika kijiji kimoja, kando ya njia ile itelemkayo kutoka milima ya Masisi mpaka misitu ya Walikale, kuna mzee mwenye uvimbe shingoni. Wanawe walimbeba kwa kipoyi siku nzima mpaka hospitalini, wakipokezana mabegani, wakivuka mito na matope. Daktari alimpima, kisha akawaita wanawe kando, akawaambia kwa upole kwamba ugonjwa huo umekwisha kupita uwezo wa kisu na wa dawa. Wakambeba tena, wakarudi naye kimya. Siku za kwanza alilala chumbani mwake. Baadaye uvimbe ukapasuka, ukaanza kunuka. Wageni walipokuja wakakunja uso. Basi wakamhamishia jikoni, nyuma ya nyumba, penye moshi. Kila asubuhi mjukuu humpelekea uji, akauweka chini, akatoka mbio. Na kila Jumatano wakatekumeni hupita karibu na jiko lile, kitabu mkononi, wakienda kujifunza matendo saba ya huruma.

Mzee huyu simtaji jina, kwa sababu ni mfano tu. Lakini ni vijiji vichache visivyo na mtu kama yeye. Wala sitaki tuwahukumu wanawe. Walimbeba kwenda na kurudi, walitumia fedha zao, nao wamechoka. Twamtaja ili tufahamu kwamba swali letu si la maseremala na waashi peke yao. Ni swali la dhamiri. Kwa maana mahali tunapomweka mtu ni neno tunalomwambia. Aliyelazwa jikoni nyuma ya nyumba ameambiwa, pasipo sauti, kwamba amekwisha kuhesabiwa pamoja na vyungu vilivyovunjika.

Nyumba husema

Kila nyumba husema. Baraza ya mkubwa wa kijiji hujengwa mbele, penye kivuli, nayo yasema: karibu, utasikilizwa. Ghala ya maharagwe hufungwa vizuri, nayo yasema: humu mna kitu cha thamani. Zizi la ng'ombe katika malisho ya Masisi huzungushiwa ua imara, maana ng'ombe ni mali. Basi, tukiona ng'ombe amejengewa ua imara, na baba wa watu amelazwa penye moshi, twajua bila kuambiwa ni kitu gani kinachothaminiwa nyumbani humo.

Tangu zamani Kanisa limelifahamu jambo hili. Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto, alipowaandikia wamonaki wake kanuni ya maisha, aliagiza kwamba ndugu wagonjwa wawe na chumba chao wenyewe, na mtumishi mcha Mungu wa kuwaangalia kwa bidii. Tena alifundisha kwamba mgonjwa hutumikiwa kama Kristu mwenyewe. Nanyi mwajua sababu yake: Bwana wetu alikwisha kutuambia kwamba siku ya hukumu atahesabu kuwa tulimtazama yeye kila tulipomtazama mdogo mmoja aliye mgonjwa.

Mwaka 1443, katika mji wa Beaune nchini Ufaransa, mkuu mmoja jina lake Nicolas Rolin, pamoja na mkewe Guigone de Salins, walianzisha nyumba kubwa kwa ajili ya wagonjwa maskini. Katika ukumbi wake vitanda vilipangwa safu mbili kando ya kuta, na mwisho wa ukumbi ule ule palijengwa kanisa dogo lenye altare. Kwa hiyo hata yule asiyeweza kuinua mguu aliweza kuifuata Misa Takatifu kutoka kitandani mwake. Jengo hilo lingaliko hata leo. Yawezekana waashi walioliinua hawakujua kusoma. Walakini katika mawe na mbao waliandika fundisho moja: mtu anayekufa yumo bado katika kusanyiko la waamini, hajatolewa nje.

Mwaka 1952, katika mji wa Kalkuta huko Uhindi, Mama Teresa alipewa na wakuu wa mji nyumba iliyokuwa zamani ya kulaza mahujaji, karibu na hekalu la Wahindu. Akawaokota waliokuwa wakifa barabarani, akawalaza humo katika vitanda vya chini, akawaosha na kuwapa chakula. Wengi wao hawakuwa Wakristu, naye hakuwauliza dini kabla ya kuwapokea. Mama huyo Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2016.

Ukumbi wa Beaune ulikuwa wa fahari, ule wa Kalkuta ulikuwa wa kimaskini. Lakini kuta zote zilimwambia mgonjwa neno moja: wewe si taka ya kutupwa, wewe ni mgeni tuliyekuwa tukikungojea.

Mateso si ya mwili tu

Siku hizi nyumba za namna hii huitwa hospisi. Jina hili latoka katika neno la Kilatini ambalo maana yake ni mgeni, na tena ni mwenyeji ampokeaye mgeni. Mwaka 1967 mama mmoja Mwingereza, Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, alifungua mjini London hospisi ya Mtakatifu Christopher. Yeye aliwafundisha waganga kwamba maumivu ya mtu anayekufa yana sehemu nne. Kuna maumivu ya mwili: kidonda, mifupa, pumzi. Kuna maumivu ya moyo: woga na huzuni. Kuna maumivu ya ujamaa: nani atalea watoto wangu, nani atalima shamba langu, nani ataniombea radhi kwa ndugu yangu niliyemkosea? Na kuna maumivu ya roho: Je, Mungu angali ananikumbuka?

Angalieni sasa mzee wetu wa jikoni. Uji apelekewao waugusa mwili tu, tena kidogo. Sehemu tatu nyingine hakuna azigusaye.

Juu ya maumivu ya mwili yafaa mjue fundisho la Kanisa, kwa sababu wengine hudhani kwamba Mkristu yampasa kukataa dawa ili ateseke pamoja na Kristu. Mwaka 1957 Baba Mtakatifu Pio wa 12 aliwajibu waganga waliomwuliza neno hilo. Alifundisha kwamba ni halali kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu makali, hata kama itamletea usingizi au kufupisha siku zake, ikiwa nia si kumwua bali kumtuliza, ikiwa hakuna njia nyingine, na ikiwa haimzuii kutimiza wajibu wake mbele ya Mungu na ya jamaa. Kumwua mgonjwa ili asiteseke ni dhambi kubwa. Kumwacha apige kelele usiku kucha hali dawa ipo, nako si mapendo. Mtu anayesagwa na maumivu hawezi hata kusali.

Tuwasikilize wanaokataa

Ikiwa parokia au kijiji chasema, "Tujenge chumba kwa ajili ya wagonjwa wasiopona," mara watatokea wenye kukataa. Tuwasikilize, maana hawasemi bure.

Wa kwanza husema: "Mabati ni ghali. Darasa la watoto lavuja. Kwa nini tumwezekee nyumba mtu ambaye baada ya mwezi mmoja hatakuwapo?" Neno hili lina akili, lakini lampima mtu kama shamba, kwa mavuno yake. Mungu hakumwumba mtu kwa sababu atafaa kazi. Alimwumba kwa mfano wake, na mfano huo haupungui nguvu za mikono zinapopungua. Tena darasa lenyewe, lafundisha nini? Mtoto akijifunza kusoma katika darasa zuri, na huku akimwona babu yake amelazwa penye moshi, amepata masomo mawili. La pili hatalisahau. Siku utakapozeeka wewe, atalifuata.

Wa pili husema: "Hiyo itakuwa nyumba ya kifo. Itatuletea mkosi." Na wengine huongeza: "Tuulize kwanza ni nani aliyemroga." Kisha kidole huelekezwa kwa mama fulani mzee, asiye na mume wala mtetezi. Wakatekumeni, hapa lazima mwachane kabisa na mwendo wa zamani. Wanafunzi walipomwuliza Yezu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Bwana hakuwapa jina la mtu yeyote. Alimgeukia kipofu mwenyewe, akamponya. Anayetafuta mchawi hana nafasi ya kuchota maji. Kifo kitafika katika kila nyumba, iwe imejengwa kwa ajili ya wagonjwa au kwa ajili ya maharusi. Hospisi haileti kifo kijijini. Yakikuta kimekwisha kufika, nayo yakataa kumwacha mtu peke yake pamoja nacho.

Wa tatu husema: "Tukijenga nyumba ya namna hiyo, wana watawatupa humo wazazi wao. Sisi hatukuwa na desturi hiyo. Mzazi hufia mikononi mwa watoto wake." Huyu wa tatu ndiye mwenye neno zito kuliko wote, wala siwezi kumjibu kwa haraka. Ni kweli kwamba katika nchi tajiri wako wazee wengi walio na kitanda kizuri, na dirisha, na dawa, wala hakuna mtoto wao hata mmoja anayekuja. Lisilo machoni, moyoni halipo, walisema wazee wetu.

Yafaa basi tutazame walivyofanya majirani zetu. Mwaka 1990 hospisi ilianzishwa Nairobi, nchini Kenya. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool huko Uingereza, ambaye zamani alikuwa mtawa mmisionari, alianzisha Hospisi ya Afrika nchini Uganda. Alianza katika nyumba ndogo aliyoazimwa na hospitali ya Wakatoliki ya Nsambya, mjini Kampala. Na tazameni busara yake: hakujenga safu za vitanda. Aliona kwamba wagonjwa wengi wa nchi hizi wataka kufia kwao, penye migomba yao na makaburi ya baba zao. Kwa hiyo wauguzi ndio waliotoka kwenda kwa wagonjwa, wakiwa na chupa za mofini ya kunywa, dawa itulizayo maumivu makali. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuandika dawa ya mofini, kwa kuwa madaktari ni wachache na vijiji ni vingi.

Hapa twapata kanuni. Nyumba ya kwanza ya mtu anayekufa ni nyumba yake mwenyewe. Nyumba ya pili, ile ya kujengwa na wengi, ni kwa ajili ya yule asiye na ya kwanza, kama mkimbizi au mjane aliyebaki peke yake. Au kwa ajili ya yule ambaye maumivu yake yamewashinda watu wa nyumbani. Na hiyo nyumba ya pili ni njema ikiwa yawavuta walio hai waingie. Ni mbaya ikiwa yawaficha wanaokufa. Kama yule wa tatu anaogopa ya kwamba wana watawatupa wazazi wao, basi na atusaidie kuijenga nyumba ambamo ni vigumu kumtupa mtu.

Ijengwe namna gani?

Nitasema sasa juu ya mambo ya ujenzi, maana mapendo yasiyojua kupima mlango mara nyingi huishia mlangoni.

Mahali. Isijengwe nyuma ya makaburi wala pembeni mwa msitu. Ijengwe karibu na njia, mahali ambapo kengele ya kanisa husikika, na sauti za watoto pia. Mgonjwa aweza kuchoshwa na kelele, lakini huchoshwa zaidi na kimya cha kusahauliwa. Katika hospitali nyingi kuna nyumba ya kungojea akina mama waja wazito waliotoka mbali, na hakuna aionaye kuwa aibu. Kama tumejenga pa kumngojea anayeingia duniani, kwa nini tusijenge pa kumsindikiza anayetoka?

Mlango. Uwe mpana, hata wabebaji waingie na kipoyi bila kukiinamisha. Pasiwe na ngazi, bali mtelemko mdogo wa udongo ulioshindiliwa au wa mawe. Mgonjwa aliyeinamishwa mlangoni kama gunia amekwisha kuaibishwa kabla ya kufika kitandani.

Kitanda na dirisha. Mwaka 2011, katika wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa hospitali ya Butaro. Kuta zake ni za mawe ya volkano, kama yale tuyajuayo Sake na Goma, nayo yalichongwa na waashi wa huko huko. Katika vyumba vyake vikubwa vichwa vya vitanda vimeegemea ukuta mfupi wa katikati, hata mgonjwa akilala aona kwa dirisha milima na mashamba, wala si ukuta mtupu. Madirisha ni makubwa ili hewa ipite na kifua kikuu kisiambukize wengine. Kilicho chema hujifunzwa popote kilipo. Sisi nasi twaweza kukigeuza kitanda kimoja kielekee mlangoni na dirishani. Kazi hiyo haigharimu kitu.

Hali ya nchi. Masisi ni nchi ya baridi. Huko nyumba ya mbao za mikaratusi iwe na dirisha la kufungwa usiku, na moto uwe katika banda la kando, ili joto na chakula vipatikane bila moshi kuingia kifuani mwa mgonjwa. Walikale ni nchi ya joto na mvua nyingi. Huko paa la majani lina ubaridi kuliko bati, wala halipigi kelele mvua ikinyesha. Kuta za miti na udongo ziwe na nafasi juu ili hewa ipite, na sakafu iinuliwe maji yasiingie. Msidhani basi kwamba bila simenti hakuna heshima.

Nafasi ya jamaa. Kwetu mgonjwa haji peke yake. Huja na mlinzi wake, awe mke, binti au mdogo wake. Nyumba isiyo na mahali pa mlinzi wa mgonjwa kulala, kupika na kufua, imemfukuza bila kusema. Karibu na kila kitanda pawe na kigoda au mkeka, maana anayesimama huaga upesi, bali anayeketi husikiliza.

Mahali pa siri. Pawe na chumba kidogo, au pazia tu, ambapo mgonjwa aweza kuungama kwa padri, kupatana na adui yake, na kusema wosia wake juu ya watoto na shamba. Tena choo kiwe karibu, na maji ya kuoshea. Mtu mzima aliyejichafua mbele ya wakwe zake huumia kuliko kwa kidonda.

Hayo yote, wapendwa, ni mambo madogo ya upana na urefu. Lakini kila moja lajibu sehemu mojawapo ya yale mateso manne. Na hayo ndiyo niliyotaka mwone: kupima mlango nako kwaweza kuwa tendo la huruma.

Na vita vikija?

Mtaniambia: "Mwalimu, wewe wasema juu ya kujenga, na sisi twakimbia." Ni kweli. Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika Masisi mjini, na mwezi wa Machi mwaka ule ule vikafika Walikale mjini. Si mara ya kwanza. Wengi wenu mmekwisha kulala msituni au katika hema la turubai. Nyumba iliyojengwa kwa miaka mitano huungua kwa saa moja.

Lakini hapo ndipo tunapofahamu kuta zilikuwa za nini. Ukuta ulikuwa mkono tu wa kumkinga mgonjwa. Dirisha lilikuwa jicho tu la kumtazama. Kigoda kilikuwa ahadi tu kwamba mtu atakuja kuketi. Kijiji kilichozoea kuketi karibu na wanaokufa wakati wa amani, siku ya kukimbia hakitauliza nani atambebe bibi. Wanne watajitokeza na kipoyi. Na wakishindwa kwenda mbele, wakamlaza chini ya mti, mmoja akakishika kichwa chake na kusali, basi hospisi imejengwa pale, bila msumari hata mmoja. Lakini kijiji kilichozoea kuwaficha jikoni, siku ya kukimbia kitawaacha humo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema methali, yaani twauona mwepesi kwa sababu hatujaubeba. Anayeubeba wakati wa amani ndiye atakayejua kuubeba wakati wa vita.

Wajibu wenu ninyi wakatekumeni

Labda mwafikiri: "Sisi hatujabatizwa bado, hayo ni ya padri na ya Wakristu wa zamani." La, sivyo.

Kwanza, ninyi wenyewe mwaweza kuugua kabla ya siku yenu. Mkatekumeni aliye katika hatari ya kufa, akijua mafumbo makubwa ya imani, akiutaka Ubatizo na kuahidi kushika amri, aweza kubatizwa papo hapo. Ikiwa padri au shemasi hayupo, mtu yeyote mwenye nia ya kutenda linalotendwa na Kanisa aweza kummiminia maji kichwani huku akimtaja Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Na mkatekumeni akifa kabla ya kubatizwa, sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yaagiza kwamba kwa habari za maziko ahesabiwe pamoja na waamini. Tazameni jinsi Kanisa lilivyokwisha kuwajengea mahali. Nanyi wajengeeni wengine.

Pili, mwiteni padri mapema. Zamani watu walisema "Mpako wa mwisho", wakaogopa kana kwamba mafuta yenyewe huleta kifo. Wakangoja hata mgonjwa amepoteza fahamu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulifundisha kwamba yafaa zaidi kuita sakramenti hii Mpako wa Wagonjwa, wala si ya wale tu walio katika pumzi ya mwisho. Na mwaka 1972 Baba Mtakatifu Paulo wa 6 aliitengeneza upya ibada yake. Mgonjwa Mkristu anayo haki ya kuipokea hali akili zake zi timamu, aweze kuitika.

Tatu, angalieni hesabu hii ya vijiji vyetu. Siku ya maziko hufika watu mia. Huleta kuni, maji, pombe na nyimbo. Katika miezi ya ugonjwa alikuwapo mtu mmoja tu. Tendo la saba la huruma twalitimiza kwa wingi, na la tano twamwachia binti mmoja aliyechoka. Nusu ya wale mia wangalikuja kabla, mmoja kila siku, marehemu asingalikuwa peke yake hata jioni moja.

Turudi kwa mzee

Basi turudi kwa mzee wetu wa jikoni. Hatuna hospisi, hatuna mabati. Je, hakuna tuwezalo? Vijana wanne waweza kukiinua kitanda chake na kukirudisha chumbani, karibu na dirisha. Fundi mmoja aweza kutoboa dirisha kama halipo. Akina mama waweza kukisafisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, na kubadilisha vitambaa safi kila siku. Muuguzi wa zahanati aulizwe dawa ya kupunguza harufu, maana ipo, na dawa ya maumivu. Mwanawe mkubwa aweza kuketi mkekani na kumwuliza, "Baba, kuna neno unalotaka kutuambia?" Na mjukuu, akiona wakubwa wameketi, hatatoka tena mbio.

Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzee huyu ni mgeni wa namna ya pekee, kwa kuwa ameingia akiwa njiani kuondoka. Akirudishwa chumbani, huenda ugonjwa wake usipone. Lakini wanawe wataponywa aibu ambayo ingaliwafuata maisha yao yote. Jirani aliyegombana naye ataponywa kinyongo. Watoto wataponywa woga wa kifo, maana watakuwa wamekiona kikija kwa mtu aliyeshikwa mkono.

Jumatano ijayo, mkienda mafundisho, msilipite jiko lile. Ingieni. Mwalimu wenu atawangoja, nanyi mtakuwa mmekwisha kulianza somo.